Aurora pacha zisizolingana

Mara ya kwanza kulinganisha picha ya aurora (mianga ya angani karibu na ncha za dunia) ya kaskazini na ya kusini, nilisahau kugeuza ile ya kusini. Ni lazima uigeuze kama vile unaitazama kutoka kaskazini, kana kwamba macho yako yanapenya tufe la dunia. La sivyo alfajiri na machweo hubadilishana nafasi. Nilishangilia "ugunduzi" wangu mchana kutwa.

Kimsingi aurora hizi ni pacha. Mstari mmoja wa uga wa sumaku wa dunia hutoka nusutufe ya kusini, hupinda mbali angani, kisha hurudi kaskazini, na elektroni zinazoufuata zinaweza kuwasha anga kwenye miguu yake yote miwili. Mguu mmoja ukiwa juu ya Iceland, wa pili huangukia karibu na kituo cha Syowa, Antaktika.

Ila miguu hiyo husogea. Picha za satelaiti za IMAGE na Polar zilionyesha doa la kwanza la mlipuko wa aurora kaskazini likiwa limepishana na mwenzake wa kusini kwa hata zaidi ya saa moja ya majira ya mahali. Saa moja ni nyuzi 15 za longitudo. Kwenye latitudo hizo ni takriban kilomita 700.

Anayeisogeza miguu hiyo ni upepo wa jua, mkondo wa chembe zenye chaji kutoka kwenye jua. Upande wa mchana upepo huo huubana uga wa sumaku wa dunia hadi umbali wa kilomita 65,000 hivi, na upande wa usiku huuvuta uwe mkia unaopita mzunguko wa mwezi. Upepo huo una uga wake wa sumaku pia, nanotesla (kipimo cha nguvu ya sumaku) 5 tu, wakati hapa ardhini ni 30,000 hadi 60,000. Kadogo, lakini uga huo ukilalia mashariki au magharibi, shinikizo hurundikana upande mmoja wa mkia kwa kaskazini na upande wa pili kwa kusini. Mkia hujisokota, na miguu ya mstari huachana.

Zamani tuliilaumu mistari ya mkiani inayokatika na kuunganika upya: tulidhani ndiyo inayoleta msokoto. Mwaka 2018 watafiti wa Bergen, Norway, walionyesha kinyume chake. Muungano huo ukishika kasi, shinikizo lililorundikana hupungua na msokoto hulegea. Kwa hiyo sasa aurora inapopamba moto sikimbilii mng'ao wenyewe. Naangalia madoa mawili, moja kila picha, yakijongea kidogo kidogo hadi yalingane.