Motohomu ya mjomba ina namba za Florida, leseni yako ni ya Texas: nani anamkatia nani bima?

Kila shule zinapokaribia kufungwa hapa Texas, napigiwa simu ya aina ile ile. Mjomba amestaafu, yuko Florida, na amenunua motohomu, lile gari lenye kitanda, jiko na choo ndani ambalo wengi wetu huku tunaliita tu RV. Sasa amesema: njooni mlichukue, mkawatembeze watoto. Dereva ana leseni ya Texas, gari lina namba za Florida, na njiani kuna Alabama, Mississippi na Louisiana. Je, inaruhusiwa? Na likitokea la kutokea, analipa nani?

Mimi ni wakala wa bima, na nimegundua kwamba karibu kila anayeniuliza anaogopa mipaka ya majimbo. Mpaka ndilo jambo dogo kuliko yote. Penye shida ni kwenye makaratasi ya mjomba, tena mara nyingi mjomba mwenyewe hajayasoma.

Tumalizane na mpaka kwanza. Aliyezoea kuvuka kutoka Kenya kwenda Uganda, au Tanzania kwenda Zambia, anajua habari za Kadi ya Njano ya COMESA: bila hiyo, bima yako ya nyumbani inaishia kwenye kizuizi. Kati ya majimbo ya Marekani hakuna kitu kama hicho. Leseni yako halali ya Texas inatambuliwa katika majimbo yote 50, namba za Florida vilevile, na bima iliyokatwa Florida inafanya kazi Marekani nzima pamoja na Kanada. Mikataba mingi ina hata kifungu kinachosema kwamba ukiwa katika jimbo linalodai kiwango kikubwa zaidi cha bima, kinga yako inapandishwa hadi kiwango hicho kwa ajali itakayotokea huko. Askari wa Louisiana akikusimamisha, atataka leseni, kadi ya usajili wa gari na uthibitisho wa bima. Hakuna sheria inayodai barua ya ruhusa, lakini mimi huwaambia watu waandike moja fupi, yenye jina na namba ya simu ya mjomba na tarehe za safari. Dereva anayeitwa Mwakyusa ndani ya gari la mtu anayeitwa Otieno ataulizwa maswali, na karatasi moja huyafupisha.

Kwenye leseni, kumbuka jambo moja: leseni humfuata dereva, bima hulifuata gari. Kwa hiyo usiulize sheria ya leseni ya Florida, uliza ya Texas. Florida inamruhusu mkazi wake kuendesha motohomu ya matembezi binafsi, hata kubwa, kwa leseni ya kawaida ya huko, ile ya daraja E. Texas haiko hivyo. Leseni ya kawaida ya Texas, daraja C, inaishia kwenye gari la chini ya pauni 26,001, karibu tani 11.8. Likifikia hapo au kuzidi, unatakiwa kuwa na daraja B. Si lile la madereva wa biashara, kwa kuwa wewe unatembeza familia, lakini ni daraja B hata hivyo, lenye mtihani wa maandishi na wa barabarani. Maana yake ni kwamba mjomba anaweza kuliendesha gari hilo kihalali kwa leseni yake ndogo, akakupa ufunguo, nawe ukawa unavunja sheria ndani ya gari lile lile kwenye barabara ile ile.

Kabla hujaingiwa na hofu, angalia uzito. Kwa kawaida uko kwenye kibandiko kilichobandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva, au karibu na kiti chake kama hana mlango. Unachotafuta ni uzito wa juu ambao kiwanda kimeuruhusu, si uzito wa gari siku hiyo, hivyo kumwaga maji ya tangi hakutakusaidia. Motohomu nyingi zenye kitanda juu ya kichwa cha dereva zinajengwa kwenye chesisi za Ford za E-450, na kikomo chake ni pauni 14,500, mbali kabisa na mstari. Hata nyingi za petroli zenye umbo la basi hazifiki pauni 26,001. Zinazovuka ni yale madude ya dizeli yenye injini nyuma. Wasomaji wangu wa majimbo mengine wajue kila jimbo lina mstari wake: New York inadai nyongeza maalumu kwenye leseni, herufi R, kwa motohomu inayozidi pauni 26,000, na California inapima kwa urefu, ambapo leseni ya kawaida inaishia kwenye futi 40. Ukishaijua namba ya kibandiko, ofisi ya leseni ya jimbo lako inakujibu kwa simu moja.

Sasa bima, na hapa tutakaa.

Ukiendesha gari la mtu kwa ruhusa yake, bima ya gari hilo ndiyo inayotangulia kulipa. Yako inakaa nyuma, inaingia ya kwanza ikiisha. Watu hulisikia hilo wakapumua. Ngoja kidogo. Kinachotangulia ni kile mjomba alichonunua, na Florida ni jimbo la ajabu kwa jambo hili. Sheria yake inamtaka mwenye gari awe na dola 10,000 za matibabu ya watu wake mwenyewe na dola 10,000 za mali ya watu wengine atakayoiharibu. Kwa mwenye gari wa kawaida, haimlazimishi kununua bima ya kuwafidia watu wengine aliowaumiza. Kwa lugha ya Dar es Salaam, ni bima ndogo kuliko bima ndogo, ile ya kuwafidia watu wengine tu. Mjomba anaweza kuwa ametii sheria kikamilifu, ilhali kile kinachotangulia kulipa ni kama hakipo. Texas inaanzia dola 30,000 kwa kila mtu aliyeumia, 60,000 kwa ajali nzima na 25,000 kwa mali, na hata hizo, mtu mmoja akilazwa siku chache hospitali, zinayeyuka.

Ndipo unauliza: basi si bima yangu itaingia? Kwa upande wa watu uliowaumiza au mali yao uliyoigonga, kwa kawaida ndiyo, hata kama gari ni motohomu. Kwa upande wa motohomu yenyewe, kwa kawaida hapana, na hili wengi hawalijui. Mkataba wa mfano ambao kampuni nyingi hujengea bima zao za magari binafsi unaeleza ni gari gani la kuazima litakalotengenezwa kwa pesa yako ya bima: gari dogo la abiria, pikapu, van au trela. Motohomu haimo. Ile ndogo iliyotengenezwa kutokana na van unaweza kuibishania, na nimeona watu wakibishana, lakini lile basi la futi 35 huna hoja. Kwa hiyo ukiliburuza ubavu kwenye nguzo ya kituo cha mafuta, ama bima kubwa ya mjomba, ile inayolipia gari lenyewe, italitengeneza, ama mfuko wako. Na bima kubwa ya mjomba ikilipa, kile kiasi cha kwanza ambacho mwenye bima hujilipia ni chake, na dai linaandikwa kwenye jina lake. Nani atamrudishia nani, hilo lizungumzwe sebuleni kabla ya safari. Baada ya ajali, mazungumzo hayo huvunja undugu.

Zipo pia kampuni ambazo mikataba yake inapunguza kinga dereva akiwa mtu wa kuazimishwa tu. Mjomba mwenyewe akigonga, kiwango ni kikubwa alichokilipia. Wewe ukigonga, kinashuka hadi kile cha chini cha kisheria. Kifungu hiki kimejificha na hakionekani kwenye ile kadi ya bima. Dawa yake ni rahisi: mjomba apige simu akuongeze jina lako kama dereva wa motohomu hiyo, hata kwa miezi miwili tu. Kama unaishi naye nyumba moja, hilo si hiari. Kampuni inatarajia watu wote wazima wa nyumba watajwe, na aliyeondolewa kwa jina hana kinga hata kidogo, ruhusa au bila ruhusa.

Kuna mtego mwingine wa magari haya. Motohomu hukaa imeegeshwa sehemu kubwa ya mwaka, kwa hiyo kampuni huwauzia wenyewe bima ya maegesho: inabaki kinga ya wizi, moto, kimbunga na mvua ya mawe, lakini kinga ya barabarani inasimamishwa. Ni akiba nzuri ya pesa. Tatizo ni siku mpwa anapofika kuchukua ufunguo na hakuna aliyekumbuka kuiwasha tena. Florida inadai mwenye gari arudishe namba zake kabla ya kufuta bima ya lazima, na wapo wanaofuta bima bila kurudisha namba, au kurudisha namba bila kufuta bima. Usiridhike na kadi iliyoko kwenye droo ya gari. Mwombe mjomba ukurasa wa mkataba unaoorodhesha kinga na tarehe, uliotolewa wiki ile ile.

Halafu kuna suala la muda. Kuazima kwa likizo ni kuazima. Lakini mjomba akisema kaeni nayo tu huko Dallas mpaka nitakapoihitaji, mambo yanageuka. Bima yako inatoa nje gari lolote ambalo si lako lakini liko mikononi mwako kwa matumizi ya kawaida, na bima ya mjomba ilipigiwa hesabu kwa anwani ya Florida. Gari likilala Texas miezi sita bila kampuni kuambiwa, umewapa sababu ya kukataa dai. Hapo gari lihamishiwe usajili na bima ya Texas.

Pesa nazo zina mpaka wake. Kuchangiana mafuta hakuna shida. Mjomba akikulipa ujira umpelekee gari Houston, au wewe ukamkodisha rafiki wa kanisani kwa siku tatu, umeingia kwenye biashara, na bima binafsi haifuati huko. Ruhusa yenyewe nayo haihami mikono: mjomba alikuruhusu wewe, hakumruhusu shemeji yako ashike usukani usiku wewe ukiwa umelala nyuma. Taja madereva wote mapema.

Na mjomba asidhani yuko salama kwa kuwa hakuwa garini. Mahakama za Florida tangu mwaka 1920 zimelihesabu gari kuwa chombo cha hatari, na mwenye kukiazimisha kwa hiari anawajibika kwa makosa ya dereva. Sheria imemwekea kikomo mtu binafsi, ila kikomo chenyewe ni cha mamia ya maelfu ya dola. New York pia inamfuata mwenye gari kwa kosa la aliyemruhusu. Mjomba mwenye nyumba na akiba ya uzeeni anahitaji bima ya mwavuli, yaani ya ziada inayoanza kulipa ile ya gari ikiisha, juu ya ile ya motohomu. Mara nyingi nikimwambia mpwa hili, yeye ndiye anayekwenda kumshawishi mzee.

Wazazi waliokuja kutembea kutoka nyumbani ni swali la peke yake. Kibali cha kimataifa cha kuendesha ni tafsiri ya leseni tu, hakisimami peke yake bila leseni ya Kenya au Tanzania iliyo hai. Jimbo linaweza kumruhusu mgeni, lakini kampuni ya bima ina masharti yake. Uliza kwa jina la mtu. Binafsi sioni kwa nini baba wa miaka sabini, aliyezoea usukani wa kulia, afundishwe kuendesha upande mwingine wa barabara ndani ya gari la futi 30.

Kanada, nilishasema, bima inavuka. Omba kampuni ya mjomba ikupe kadi ya Kanada ya magari ya wageni, hutolewa bila shida. Meksiko hapana. Kwenye daraja la Laredo bima ya Marekani inabaki nyuma, na unahitaji bima iliyokatwa kwa kampuni ya Meksiko, pamoja na idhini ya maandishi ya mjomba kwa kuwa gari si lako. Inunue kabla ya kufika mpakani, na mweleze wakala wa bima hiyo kwamba ni motohomu, ya mtu mwingine, yenye namba za Florida, na kama unavuta gari dogo nyuma, litajwe nalo.