Kabla hujang'oa rejeta ya Peugeot 504

Wenye 504 wengi hunijia wakiwa wameshaamua. Wameona mtandaoni rejeta ya alumini inayong'aa, na swali lao ni moja tu: itaingia? Itaingia, ukikata hapa na kutoboa pale. Lakini mimi huuliza kwanza: gari linachemsha wapi?

Linalochemsha kwenye foleni ya Mombasa Road, kisha likatulia likishapata mwendo, mara nyingi rejeta yake haina kosa. Likiwa mbioni upepo huingia wenyewe. Likisimama, kazi yote ni ya feni. Na feni ya 504 nyingi za zamani ina ujanja wake: hushikwa na sumaku ya umeme pale swichi ya joto inapoamuru, umeme ukipitia kwenye brashi ndogo ya kaboni. Brashi ikiisha, feni inazunguka kivivu tu na mshale wa joto unapanda. Zima injini, peleka umeme wa betri moja kwa moja kwenye brashi, kisha zungusha feni kwa mkono. Ikizunguka bila kushikwa, tatizo umelipata, na dawa yake ni bei ndogo kuliko rejeta yoyote.

Linalochemsha likipanda milima ya Salama huku feni ikifanya kazi, hilo ndilo la kuangalia rejeta. Gari likishatiwa maji ya kisima miaka nenda miaka rudi, chumvi na chokaa huganda ndani ya mirija. Injini ikiwa moto, izime na upime joto la uso wa rejeta kipande kwa kipande. Penye baridi ya ghafla pameziba.

Sasa tuje kwenye kuchagua. Rejeta ya asili ina mirija ya shaba njano, mapezi (vibati vyembamba vya kutawanya joto) ya shaba nyekundu na risasi ya kulehemu inayovishikanisha. Shaba nyekundu hupitisha joto vizuri kuliko alumini, kwa hiyo watu huuliza alumini inashindaje. Inashinda kwa umbo. Mrija wa shaba kwa kawaida una upana wa milimita 13 hivi. Wa alumini unaweza kufika 25 au zaidi bila kutanuka kwa presha. Kwa hiyo safu mbili pana za mirija ya alumini zinaweza kufanya kazi ya safu nne za shaba, kwa uzito mdogo.

Pamoja na hayo, kwa 504 ya kutembelea bado nashauri ubaki na matangi yako ya juu na chini, umwambie fundi aweke kiini kipya, yaani mirija na mapezi yake, cha shaba cha safu tatu. Vishikio vitakaa mahali pake, na tundu la swichi ya feni litabaki. Rejeta nyingi za "kila gari" hazina hilo tundu. Isitoshe, ikitoboka Mtito Andei, fundi mwenye lampu na risasi anakutoa. Alumini inataka mashine ya kulehemu ya gesi ya agoni, na hiyo huipati kila kituo cha mafuta.

Safu nne? Sizipendi. Safu ya nyuma hupata hewa iliyokwisha kupashwa moto na zile za mbele, na kiini kinene huzuia upepo pale unapouhitaji zaidi, kwenye mwendo mdogo. Vivyo hivyo mapezi yaliyobanana sana: kwenye lami ni mazuri, kwenye barabara ya murramu huziba kwa vumbi na mbegu za nyasi. Anayeshindana, au aliyebadilisha injini, namruhusu alumini, ila aifunge kwenye mipira. Ikibanwa chuma kwa chuma, mtikisiko utaipasua pembeni.

Kuna hoja ya kuogopa alumini eti italiwa na kutu. Hoja hiyo imechelewa: hedi (kichwa cha injini) ya 504 ni ya alumini tangu kiwandani, na bloku ni ya chuma. Maji matupu yanaila hedi hata kama rejeta ni ya shaba. Weka kulanti, ile dawa ya maji ya rejeta, kila wakati. Kwa rejeta iliyolehemiwa kwa risasi, soma mkebe: baadhi ya kulanti za kisasa, zile za muda mrefu, hazielewani na risasi. Rangi isikudanganye, kila kampuni hupaka yake.

Kifuniko cha rejeta nacho kisidharauliwe. Nairobi, kwenye mita 1,700 hivi, maji ya wazi huchemka karibu nyuzi 94, si 100. Kifuniko cha presha ya baa 0.3 kinayasogeza hadi karibu 103, cha 0.9 hadi karibu 116. Ndiyo maana wengine hukimbilia kifuniko kikali. Lakini presha hiyo haipunguzi joto hata nyuzi moja, inachelewesha tu mvuke, na matangi yaliyolehemiwa enzi za Mzee Jomo Kenyatta hayakutengenezwa kwa ajili yake. Tumia namba iliyogongwa kwenye kifuniko cha asili, labda spring yake ndiyo imechoka.

Na kama uliitoa themostati, ile vali inayofunga njia ya maji mpaka injini ipate moto, irudishe. Aliyekwambia uitoe alikuwa anaficha rejeta iliyoziba.