Rangi ya unga haitoki kwa petroli: yanayosemwa garajini na ukweli wake

Hapa Lubumbashi, ukileta garajini rimu ya pikipiki iliyochunika, utaambiwa: "Ipanguse na petroli, itatoka." Haitoki. Rangi hii ya unga haikukaushwa na hewa. Ilirushwa ikiwa unga mkavu, ikapikwa kwenye oveni kwa digrii 180 hadi 200, ikayeyuka na kuwa ngozi moja ngumu. Petroli haiiyeyushi, inakuachia tu mvuke unaongoja cheche.

Dhana inayoniuma zaidi ni kwamba chuma ni chuma, basi tia kwenye moto wa makaa rangi iungue. Rimu nyingi si chuma, ni alumini, na hupewa ugumu wake kiwandani kwa joto lililopimwa. Zikikaa muda juu ya digrii 200, ugumu huo hupungua. Kwa macho huoni kitu. Itaonekana barabarani, kwenye shimo, mtu na abiria wake wakiwa juu.

Soda ya wapika sabuni, yaani soda kali (kostiki), nayo husifiwa sana. Kwenye fremu ya chuma inavumilika. Tia alumini: povu linapanda palipochunika, ndoo inapata moto, rimu inageuka nyeusi. Fundi anafurahi akidhani ni rangi inayotoka, kumbe ni alumini inayoliwa, na gesi ile ni hidrojeni, inayoshika moto. Kabla ya lolote, chukua sumaku. Isiponata, weka soda mbali.

Dawa ya kutoa rangi yenye kemikali ya diklorometani inaikunjamanisha rangi hii kweli, ukaikwangua. Ila si kweli kwamba kitambaa puani kinatosha. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, hujaa chini chumbani, na mwili huugeuza kuwa kaboni monoksidi, gesi ya sumu. Marekani ilipiga marufuku mwaka 2019 kuwauzia raia wa kawaida dawa za kutoa rangi zenye kemikali hii.

Kupiga mchanga kwa kompresa ni njia nzuri, lakini si kwa mchanga wa mto. Vumbi lake la silika, madini yaliyomo mchangani, huharibu mapafu yasipone. Uingereza iliukataza mchanga kwa kazi hii katika kanuni za 1949. Tafuta garneti (punje za madini magumu) au vioo vilivyosagwa.

Wengine huamini chuma kitupu kinaweza kungoja wiki. Msimu wa mvua, kilichosafishwa asubuhi kinaweza kuwa na wekundu jioni. Kipake praima, rangi ya kwanza ya kukinga, siku hiyohiyo, kabla mikono mitupu haijakishika.