Mstari mwekundu haumsaidii mwenye disleksia

Wiki hii tena mhadhiri kaniletea mwanafunzi wa mwaka wa pili mwenye disleksia, yaani hali inayomfanya mtu apate shida kusoma na kuandika maneno, ananiambia "mpe laptopu tu, si inasahihisha yenyewe?" Jamani. Nimeisikia mara nyingi mno, leo naandika.

Ule mstari mwekundu ambao kompyuta inauchora chini ya neno unaangalia kama neno lipo kwenye kamusi yake, basi. Sasa mwenye disleksia shida yake kubwa iko kwenye kuunganisha sauti na herufi, p na b, k na g zinamchanganya, na mara nyingi neno linalotoka ni neno halali kabisa. Kijana huyu aliandika "wananchi walijitokeza kupika kura". Hakuna mstari! Kupika ni neno, kura ni neno, kompyuta imeridhika, ila anayesahihisha anasoma tuhuma ya wizi wa kura. Kiingereza ndo balaa zaidi, "form" na "from", "quiet" na "quite". Kiswahili angalau herufi inasomeka vilevile popote ilipo, ndo maana wengi ninaowapata walipita shule ya msingi bila mtu kushtuka.

Na hata mstari ukitokea, unabofya, unaletewa maneno matano yanayofanana, uchague. Kwa kusoma! Si ndo palepale panapomuuma? Basi baada ya muda anaanza kukwepa, alitaka kuandika "significant" anaishia "big", asaimenti inakuwa nyepesi, halafu anaambiwa hana mawazo. Hili linaniuma kuliko yote. Mawazo anayo, muulize kwa mdomo uone.

Kinachomsaidia ni sikio. Kwa Kiingereza, kwenye Word bonyeza Ctrl+Alt+Space ikusomee kwa sauti, punguza spidi, vaa hedifoni, sikiliza sentensi moja moja. Kwa Kiswahili natumia NVDA, programu inayosoma kwa sauti kilichopo kwenye skrini, ni ya bure, sauti yake kavu kama roboti lakini inatamka kilichoandikwa, sio ulichodhani umeandika. Kijana alivyosikia "kupika" akashtuka mwenyewe, akarudisha, akaweka g. Sikumgusa. Na wanaosema huku ni kudanganya, kompyuta inamsomea alichotunga yeye, haimtungii.

Kuandika kwa kuongea nako kupo, Google Docs inakubali Kiswahili cha Tanzania na cha Kenya, anamwaga mawazo kwanza. Hapo lakini nina wasiwasi wangu, wapo wanaoongea vizuri sana halafu wakiletewa ukurasa mzima usio na nukta wanakwama vilevile, kazi imehama tu haijapungua, na kwenye bweni la watu sita utaongea na kompyuta saa ngapi?

Wahadhiri, nawaomba kitu kimoja. Noti msizitume kama picha mliyopiga kwa simu. Mwanafunzi anavaa hedifoni, anabonyeza, programu inanyamaza kimya kwa sababu kwake hapo hakuna maandishi, kuna picha tu. Tumeni faili lenyewe mlilochapa.