Mafua ya mtoto na pindo la khanga

Mimi ni muuguzi wa kliniki ya watoto, na msimu wa mvua benchi letu hujaa vikohozi. Huku napima uzito, jicho langu liko kwenye mikono ya kina mama. Mtoto anatokwa na kamasi, mama anafuta kwa pindo la khanga, halafu vidole vilevile vinamega andazi na kumpa mtoto wa jirani anayelia. Mafua yamehama, na hakuna aliyepiga chafya.

Kukohoa kwenye kiwiko tunahimiza kwa sababu kiwiko hakishiki kikombe wala hakimpi mtu mkono. Ila virusi vya homa ya mafua vinaweza kukaa saa 24 hadi 48 kwenye plastiki au chuma: kitasa, simu, bomba la kushikilia kwenye daladala. Kwenye nguo huisha mapema zaidi, lakini pindo bado bichi na kazi inaendelea. Kidole kikigusa, kisha kikakuna jicho au pua, basi.

Sabuni ya kipande inatosha, hata ya kufulia. Inavunja utando wa mafuta unaovifunika virusi kama vya homa ya mafua na Korona. Maji matupu hayauvunji. Sugua sekunde 20, usisahau vidole gumba na kucha. Huko Karachi, Pakistan, utafiti uliochapishwa mwaka 2005 ulikuta nimonia kwa watoto wa chini ya miaka 5 imepungua kwa nusu katika kaya zilizopewa sabuni na kuhimizwa kunawa. Nusu, kwa sabuni! Bomba likikauka, funga kibuyu chirizi cha dumu na kamba. Na zile ndoo za wakati wa Korona mlizogeuza za kufulia, zirudisheni mlangoni.

Kifua kikuu ni habari nyingine. Vimelea vyake huelea hewani kwa saa kadhaa, kwa hiyo kunawa hakusaidii, fungua madirisha. Kwenye daladala mimi ndiye yule abiria anayefungua kioo huku manyunyu yanaingia. Nimeshazoea kusonywa.

Kwenye nyumba yenye kichanga nakuwa mkali zaidi: mwenye mafua asimbebe wala asimbusu, awe shangazi, awe bibi mzaa baba. Bibi atanuna, ndiyo. Mpe kiti karibu na mlango, mletee chai, mtoto amwone kwa mbali.