Si kila sifa ya lazima ni kiini

Wengi wetu tukiulizwa kiini cha kitu ni nini, hujibu upesi: ni zile sifa ambazo kitu hakiwezi kuwepo bila kuwa nazo. Jibu linavutia, na wanafalsafa wengi walilishika. Lakini halitoshi.

Mwaka 1994 mwanafalsafa Kit Fine alionyesha kasoro yake kwa mfano mdogo, na ni mfano ninaoupenda sana. Mchukue Socrates, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale. Chukua na seti (mkusanyiko wa vitu, kama ule wa hisabati) ambayo mwanachama wake ni Socrates peke yake. Haiwezekani Socrates awepo asiwe ndani ya seti hiyo, kwa hiyo kuwemo humo ni sifa yake ya lazima. Sasa jiulize: ili kueleza Socrates ni nani, unahitaji kusema lolote kuhusu seti? Hata kidogo. Yeye ni binadamu. Mambo ya seti hayamhusu. Geuza sasa: seti ile huwezi kuieleza ni kitu gani bila kumtaja Socrates.

Yaani ulazima unakwenda pande zote mbili, ilhali kiini kinaelekea upande mmoja tu. Ndivyo ilivyo hata tunapotafuta msingi wa mambo: seti ipo kwa sababu Socrates yupo, wala si kinyume chake, ingawa hakuna kinachopatikana bila mwenzake.