Je, wajua kwa nini wasanii wa video hujigeuza watu wengine mbele ya kamera yao wenyewe?

Mwanamume amejilaza kwenye zulia jeupe la manyoya marefu. Amevaa gauni la kijani na wigi la rangi ya dhahabu, na pembeni yake pana simu na chupa ya jini. Simu hailii. Anaikodolea macho, anaibembeleza, anafoka, anatukana, anaangua kilio, na yote hayo kwa Kijerumani cha kubabaisha. Huyo ni Ming Wong, mzaliwa wa Singapore, katika video yake ya mwaka 2007 inayoitwa Lerne Deutsch mit Petra von Kant, yaani "Jifunze Kijerumani na Petra von Kant".

Petra ni mhusika mkuu wa filamu ya mwaka 1972 ya mwongozaji Mjerumani Rainer Werner Fassbinder. Ni mbunifu wa mavazi aliyempenda msichana aitwaye Karin, akaachwa, na sasa siku yake ya kuzaliwa imefika na Karin hapigi simu. Kwa hiyo tunamtazama mwanamume wa Kiasia akiwa mwanamke wa Kijerumani anayemlilia mwanamke mwenzake, tena kwa lugha ambayo ndiyo kwanza anajifunza. Mbona hakumtafuta mwigizaji wa kike, Mjerumani, akamlipa?

Wong alilijibu hilo bila kuficha. Alikuwa anajiandaa kuhamia Berlin, umri umepita miaka 35, hana mwenzi, ni mwanamume anayependa wanaume, na huko angekuwa mtu wa jamii ya wachache. Akaona bora ajizoeze mapema maneno atakayoyahitaji siku akijikuta ana uchungu na anahisi ameshapitwa. Kitabu cha lugha humfundisha mgeni kuuliza bei ya mkate na njia ya kwenda stesheni. Kulalamika kwa kuvunjwa moyo ilibidi akajifunze kwa Petra, na mtu hawezi kumtuma mwingine akamjifunzie.

Lakini mtindo huu haukuanza naye, na sehemu ya jibu imo kwenye mtambo wenyewe. Aliyepiga filamu zamani alipeleka mkanda maabara ukasafishwe, kisha akasubiri. Mwaka 1967 kampuni ya Sony ilitoa Portapak, kamera ya mkono iliyounganishwa kwa waya na kinasa cha kuning'iniza begani. Picha yake ilikuwa hafifu, nyeusi na nyeupe. Hata hivyo mtu mmoja aliweza kuiendesha bila msaidizi chumbani kwake, na akiichomeka kwenye televisheni alijiona papo hapo, huku bado anafanya analolifanya.

Joan Jonas, msanii wa New York aliyeanzia kwenye uchongaji, aliinunua ya kwake Japani mwaka 1970, katika safari ile ile aliyotazama Noh na Kabuki, michezo ya jukwaani ya jadi ya Kijapani, ambamo kwa karne nyingi wanaume wameigiza nafasi za wanawake. Mwaka 1972 akamzaa mhusika aitwaye Organic Honey: mwanamke mwenye kinyago cha uso wa mwanasesere na pambo la manyoya ya ndege kichwani. Jonas ndiye aliyekuwa ndani ya kinyago, na ndiye aliyekuwa akiitazama televisheni kuona huyo mwanamke anakuwaje. Mwaka huo huo alitengeneza Left Side Right Side, ambamo anautazama uso wake kwenye kioo na kwenye skrini kwa pamoja. Kioo hugeuza kulia kuwa kushoto, skrini haigeuzi. Anajaribu kutaja upande upi ni upi, na haichukui muda mtazamaji naye anapotea. Aliyewahi kujipiga selfi, kisha akaiona picha iliyohifadhiwa imegeuka na uso wake unamshangaza, anaujua mchezo huo.

Mhakiki Rosalind Krauss aliandika mwaka 1976 kwamba tabia ya msingi ya video ni kujitazama na kujipenda. Zipo kazi zinazostahili maneno hayo. Kazi ya Howardena Pindell haimo.

Pindell, Mmarekani mweusi, alifanya kazi katika Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa ya New York tangu 1967 hadi 1979, mwaka ambao ajali ya gari ilimwathiri kumbukumbu. Mwaka uliofuata alijirekodi kwenye Free, White and 21, video ya dakika 12. Anaikabili kamera na kusimulia kwa sauti tulivu. Akiwa chekechea, saa ya mapumziko, alinyoosha mkono kuomba kwenda chooni. Mwalimu mzungu alipandwa na hasira, akamfunga kitandani kwa mashuka, na saa kadhaa zikapita kabla ya kufunguliwa. Picha inakatika. Anatokea mwanamke wa Kizungu mwenye wigi la dhahabu, miwani myeusi na uso uliopakwa weupe, anamwambia kwamba bila shaka anajidhania tu, na kwamba hana shukrani. Huyo naye ni Pindell.

Hapo ndipo naona sababu yenye uzito kuliko zote. Angemweka mzungu halisi kwenye kiti kile, tungeshuhudia mabishano ya watu wawili na kila mtazamaji angechagua upande wake. Pindell anapoziigiza sauti zote mbili, tunaona jinsi kukanushwa huko kulivyohamia kichwani mwa aliyeumizwa na kukaa humo.

Angalia pia kwamba rangi ile haikupakwa ili ituhadae. Ndivyo ilivyo kwa wigi la Wong. Sisi tumezoea vichekesho ambamo mwanamume anajifunga kanga, anabana sauti, na watu wanacheka, na anayechekwa mara nyingi ni mwanamke. Wong hamcheki Petra. Anajitahidi kumfikia kwa moyo wote, na pale anaposhindwa tunaona kwamba sauti, mkao na namna ya kulia ni mambo ambayo hata mwanamke wa kuzaliwa alifundishwa. Katika Four Malay Stories ya mwaka 2005 aliigiza wahusika 16, wake kwa waume, kutoka filamu za P. Ramlee, mwigizaji na mwongozaji mashuhuri wa Kimalei. Filamu hizo ni za Kimalei, lugha ya taifa ya Singapore, na Wong, wa asili ya Kichina, anajikwaa humo akiwa nyumbani kwao. Ugeni wake haukuanzia Berlin.

Grace Ndiritu, aliyezaliwa Birmingham, Uingereza, kwa wazazi Wakenya, hana hata haja ya wigi. Katika The Nightingale ya mwaka 2003 anatumia kitambaa kimoja tu na uso wake. Kinakuwa mtandio, kinakuwa kilemba, kinafunika macho, kinaziba mdomo. Kila anapokikunja upya, mtazamaji anampa dini nyingine na nchi nyingine kabla hajajizuia, na mwanamke ni yule yule.

Mwaka 2005 Royal Academy, taasisi ya sanaa ya London, ilifanya maonyesho kuhusu mchoraji Mfaransa Matisse na vitambaa alivyovikusanya, vikiwemo vya Afrika, alivyovitandaza nyuma ya wanawake aliowachora. Kutokana nayo Ndiritu alitengeneza Still Life, mfululizo wa video ambamo amejizungushia vitambaa vya Kiafrika, na kinachojitokeza ni mguu, mkono au bega. Amekaa mahali pa wale wanawake, ila kamera ni yake. Mwanamke aliyejilaza kitini ili Matisse amchore hakuweza kuzunguka nyuma ya turubai aone anachorwaje. Ndiritu anajiona, na asipopenda alichokiona, anavuta kitambaa.